Pakiti ya Kijani kwenye Mashine ya Tatu B

Jumatatu, 12 Agosti

Mikromita yangu, kipimo changu cha unene wa chuma, imepotea. Imepotea Ijumaa iliyopita, saa ya usingizi wa mchana, kutoka kwenye droo ya mashine yangu, ndani ya karakana ya shule ya ufundi. Naandika kwa wino ili kesho mtu asiniambie nimesahau nilikoiweka. Sijasahau. Mimi, Liao Tien-shou, sisahau kitu kinachopima.

Ninayo tangu nilipokuwa kijana wa kufagia maganda ya chuma kwenye karakana za watu. Haijanidanganya hata siku moja. Mke wangu amewahi. Shemeji yangu Po-hsiung hunidanganya kila tukikutana. Mikromita, kamwe.

Mshukiwa: Kuo Pei-jung, binti wa miaka kumi na saba, mashine namba nane. Ni mwanafunzi wa sekondari hapa, amebaki likizoni kujifua kwa mashindano ya ufundi ya taifa. Sisi watu wazima wa kozi tumepewa upande mmoja wa karakana, wao watoto upande wa pili. Siku ya kwanza tu alisimama nyuma yangu nikikereza, kisha akauliza eti, "Mjomba, hicho chuma unakikata au unakigombeza?" Darasa zima likaangua kicheko. Bi Fang wa kozi yetu, aliyekuwa akishona viatu kiwandani hadi kiwanda kilipofungwa, alicheka hadi akashika mbavu. Mtu mwenye ulimi kama huo hashindwi kuiba.

Nijikumbushe kwa nini niko hapa, maana hasira inasahaulisha. Nimekereza vipuri vya mabomba maisha yangu yote katika chumba cha chini cha nyumba yangu. Nilijifunza kwa macho na kwa kuunguza vidole. Sasa mnunuzi amesema kuanzia mwezi wa tisa kazi itakwenda kwa mwenye cheti tu. Mimi sina. Po-hsiung anacho, Po-hsiung asiyeweza kukereza hata kijiti cha kuchokolea meno! Nisipofaulu mtihani wa tarehe 22, mashine zangu mbili zitahamia kwake, nami nitazifuata kama kibarua. Kibarua wa shemeji! Afadhali nizikwe.

Mashine yangu ya hapa ni ya nne katika safu, ila haina namba nne. Kwa lugha yetu namba hiyo hutamkwa karibu sawa na mauti, hakuna shule inayothubutu kuipaka rangi kwenye chuma. Wameandika Tatu B. Kana kwamba mauti hayajui kuhesabu.

Leo Mwalimu Ke, anayetufundisha kozi, ametukumbusha masharti ya mwezi wa saba wa kalenda ya wazee, mwezi ambao wafu, wale tunaowaita "ndugu wema" wamefunguliwa lango na wanatembea. Tusipige mluzi. Tusiitane kwa majina kamili. Tusiokote kitu ambacho hatukukiangusha. Halafu habari ya pakiti: kila mashine iwe na pakiti yake ya kijani juu, vile vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ambavyo jina lake maana yake ni utiifu. Ya kijani, si ya njano. Haijafunguliwa. Tarehe haijapita. Mashine ikiwa na pakiti yake hutulia na kutii, ikiikosa hufanya ukaidi. Ijumaa atakagua. Atakayekutwa na pakiti iliyopitwa na tarehe atasafisha matangi ya maji ya kupoozea.

Nimeangalia yangu. Imeisha Julai.

Nimepiga mluzi njia nzima hadi nyumbani. Mimi hupiga mluzi nikifikiri.

Jumanne, 13 Agosti

Mpango mzuri. Ndege wawili, jiwe moja tena dogo.

Wakati wa usingizi wa mchana, shule nzima hulala. Pazia hushushwa, taa huzimwa, vichwa vyote huinama mezani juu ya mikono, wazee kwa watoto. Ukimya wake si wa kawaida. Ni kama shule imekatwa kichwa. Nikangoja Bi Fang aanze kukoroma. Nikatoka kwa soksi, nikaingia karakana. Pakiti yangu ya Julai nikaiweka juu ya mashine nane, maandishi yakielekea ukutani. Pakiti ya yule binti, inayoisha Desemba, nikaileta kwangu. Ijumaa ataumbuka, atazama kwenye tangi hadi viwiko, na mikromita yangu itamtoka mwenyewe kwa majuto.

Pakiti ni pakiti. Unga wa mahindi na hewa.

Nilipokuwa nageuka nikasikia mashine inazunguka.

Taratibu sana. Ule mzunguko wa fundi anayejaribu kama chuma kimekaa sawa. Nikatazama swichi kuu ukutani. Imezimwa, na kufuli la Mwalimu Ke linaning'inia. Nikatazama safu nzima. Hakuna kinachotembea. Sauti ikaisha kama mtu aliyegundua anasikilizwa.

Nikashika taya za Tatu B, zile zinazobana chuma. Zilikuwa na joto.

Ni jua tu. Bati la karakana linachoma Agosti. Lakini ile harufu ya popoo iliyotafunwa sijui imetoka wapi, mimi niliacha popoo daktari aliponionyesha picha za midomo iliyooza ya watafunaji.

Jumatano, 14 Agosti

Salale! Tumeamka kutoka usingizini, nimekwenda kwenye mashine yangu, nimekuta shafti.

Shafti kamili ya mtihani, ile fimbo ya chuma tunayotakiwa kukereza. Ngazi zote tatu, mfereji, uzi wa skrubu, vyote. Imelala juu ya kitambaa safi. Nikaazima mikromita ya Bi Fang nikajificha nayo chooni. Kipenyo kikubwa kinatakiwa milimita ishirini na tano. Ni ishirini na tano. Si pungufu kwa sehemu moja ya mia, si zaidi. Kinachofuata, sawasawa. Kinachofuata, sawasawa. Mimi nikipata kosa la sehemu tatu za mia hujipongeza kwa supu ya tambi na nyama. Huyu hakuacha kosa lolote. Ngozi yake inang'aa kama maji ya kisima. Ukiinama unajiona, na nyuma yako unaona karakana nzima.

Mara moja nilidhani kuna mtu karakanani nyuma yangu. Kisha nikakumbuka niko chooni.

Nimemuuliza Bi Fang kama ni yake. Akasema yeye angekuwa na mkono huo asingekaa akitukanwa na mtoto wa miaka kumi na saba. Nikamwuliza Pei-jung kwa mbali, kwa kuzunguka. Akasema, "Mjomba, kama hukuidondosha wewe, usiiguse." Wivu mtupu.

Nimeitia mfukoni. Mtu mwenye busara haachi mali wazi.

Mke wangu amekataa isiingie ndani. Amesema chuma kilichookotwa mwezi wa saba hakivuki kizingiti chake, na nikilazimisha nilale nacho huko huko. Nimeiacha barazani kwenye rafu ya viatu.

Alhamisi, 15 Agosti

Asubuhi tumekuta viatu vyote vimepangwa. Vidogo mbele, vikubwa nyuma, mstari kama wa rula, vidole vyote vikielekea mlango wa nyumba. Kama watu wasioonekana wamepanga foleni kutaka kuingia.

Mke wangu alinitazama. Nikamwambia pengine ni mimi. Akaniuliza ni lini katika ndoa yetu nimewahi kupanga kiatu. Hoja nzito. 

Shuleni, habari njema: Pei-jung kaenda mji wa mbali wa Kaohsiung na kocha wake kwa mchujo, harudi hadi wiki ijayo. Mashine nane imefunikwa turubai. Pakiti yangu ya Julai iko chini ya turubai hiyo. Kesho ukaguzi. Atahukumiwa akiwa hayupo. Ndiyo hukumu tamu kuliko zote.

Tena kesho ni mtihani wa majaribio. Shafti ninayo.

Ijumaa, 16 Agosti

Siku mbaya. Nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi meza za matambiko ziliwekwa langoni mwa shule kwa ajili ya ndugu wema. Kuku, bata, mananasi, katoni za tambi, beseni la maji na taulo ili wageni wanawe uso. Mkuu wa shule akainama na kijiti cha ubani. Kila fani ilileta kitu: wapishi keki, wa umeme vinywaji, sisi wa mashine sigara na popoo. Nikauliza popoo za nini. Wa zamani wakatazamana.

Kisha ukaguzi. Mwalimu Ke akaanza namba moja, akigeuza pakiti moja baada ya nyingine. Alipofika kwangu nilikuwa nimekunja mikono kama mwenye nyumba. Akageuza pakiti yangu, akasoma.

Julai.

Nikamnyang'anya. Julai! Ile ile, yenye kikunjo pembeni nilichokifanya mwenyewe. Nikakimbilia mashine nane, nikavuta turubai. Vumbi halijaguswa. Pakiti iliyo juu yake: Desemba. Nikasema kwa sauti kwamba binti huyu kanibadilishia. Mwalimu Ke akaniuliza taratibu amebadilishaje kutoka Kaohsiung. Bi Fang akaongeza eti, "Labda mkono wake mrefu, Kaka Liao."

Sikuweza kueleza zaidi bila kueleza mengi.

Baadaye mtihani wa majaribio. Nilikereza changu kwa kelele nyingi, nikakiangusha kwenye ndoo ya maganda, nikapeleka mezani ile shafti ya Jumatano. Mwalimu Ke alipima kipenyo cha kwanza. Akapima cha pili. Akaweka mikromita chini. Akaipeleka shafti dirishani, akaigeuza hadi kwenye kona ya mwisho, ile inayokatwa mshazari ili isikate mkono wa mtu. Pale pana mstari mdogo wa jiwe la kunolea, umepinda kama ukucha wa mtoto. Nilikuwa nimeuona. Nilidhani ni dosari.

Mwalimu Ke akakaa. 

Akasema mstari huo aliuona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na sita. Akasema Mwalimu Shih alikuwa akimaliza kila kazi kwa kupitisha jiwe kwa mkono, na wanafunzi wake wote walijaribu kuuiga na hakuna aliyeweza. Mwalimu Shih alifundisha karakana hii hadi nywele zikaisha. Alianguka akafa kabla ya mvua za mwaka huu, akiwa kazini.

Nikauliza, kazini wapi.

Wote wakaitazama Tatu B.

Hakuna aliyeniambia! Wamenipa ufunguo wa mashine, wamenionyesha mafuta yalipo, wamenionyesha choo kilipo, na hili wakalisahau!

Mwalimu Ke akaniuliza mara moja tu, bila ukali, kama kazi hii ni ya mkono wangu. Nikasema ni ya mkono wangu. Nikahisi baridi shingoni, kama mtu aliyefungua friji nyuma yangu. Akasema basi nikereze nyingine mbele yake. Nikasema kifundo cha mkono kimeteguka.

Nimesafisha matangi yote kwa kifundo kilichoteguka. Maji yale yananuka kama mayai viza. Na nilipokuwa nimeinama ndani ya tangi la Tatu B, kuna mtu aliguna juu yangu, mguno ule wa mwalimu anayepita kati ya madawati akitazama kazi yako. Nikainua kichwa. Karakana tupu.

Jumapili, 18 Agosti

Mbalamwezi kamili. Mtaa mzima umeweka meza nje, moshi wa pesa za karatasi tunazowachomea wafu umetanda hadi macho yanatoka machozi.

Po-hsiung amekuja kula bata wetu. Akazunguka chumba changu cha chini, akigongagonga mashine zangu kwa kiganja kama mtu anayechagua tikitimaji. Akasema nisiwe na wasiwasi, kwake nitapata kiti chenye mto. Akasema pia atanipa chai. Dada yangu akamkanyaga mguu chini ya meza.

Usiku nimefikiri kama mtu wa biashara. Tuwe wakweli: kuna fundi pale shuleni mwenye mkono usiokosea. Hana mshahara. Hana likizo. Anafanya kazi mchana watu wakilala. Mbinu yake ya kuingia kazini hainihusu. Po-hsiung angekuwa na fundi kama huyo angeogopa? Angeogopa, Po-hsiung ni mwoga. Mimi nitamwajiri.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimeweka kigoda kando ya Tatu B. Popoo za kutosha, zenye chokaa na jani lake. Sigara. Kikombe cha chai. Nikanong'ona masharti: Alhamisi, mtihani wa kweli, yeye akereze, mimi nitasimama tu na kushika gurudumu la kuongozea kisu kwa ajili ya macho ya watu. Baada ya hapo atapewa popoo kila mwaka siku kama hii. Masharti bora hayapatikani mji mzima.

Pei-jung amerudi, kashinda mchujo. Akakuta kigoda. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaketi chini kando ya kigoda, si juu yake, akaanza kukipangusa mguu kwa kitambaa. Akasema eti, "Mjomba, Mwalimu hapendi chai, anapenda maji ya moto matupu." Akaenda kuyaleta. Kumbe Mwalimu Shih ndiye aliyemfundisha tangu kidato cha kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo leo. Kidogo nimwonee huruma.

Nikamwuliza kuhusu mikromita. Bila kuzunguka: umeiba au hukuiba? Akanitazama kama mtoto anayemtazama mgonjwa. Akauliza, "Mjomba, wewe si huwa unapiga mluzi ukikereza?" Nikasema ndiyo, nina haki. Akasema Mwalimu Shih alikuwa na sheria moja kuliko zote: anayepiga mluzi hasikii chuma kinasema nini. Ukipiga mluzi kwenye mashine, hakugombezi. Anachukua mikromita yako. Anakurudishia kozi ikiisha.

Nimecheka. Nimecheka peke yangu. Mwangwi wa karakana hii si mzuri, unarudisha kicheko kikiwa na umri mwingine.

Hata hivyo, ushahidi bado unamhusu binti. Saa ya usingizi nimebadilisha tena zile pakiti. Yangu ya Julai kwenye nane, yake ya Desemba kwangu. Safari hii ile ya Julai nimeigundisha kwa gundi. Tuone.

Jumatano, 21 Agosti

Nimefanya mazoezi mchana, watu wakiwa wamelala. Nilimwomba Mwalimu Ke aniachie umeme, akaniachia, huku akikwepa kutazama kigoda. Maji ya moto kikombeni yalikuwa yamepungua. Popoo mbili hazikuwapo.

Nikawasha. Nikaanza kukata. Nikahisi vidole juu ya vidole vyangu.

Vikavu. Vya baridi. Vyenye sugu pale pale ambapo mimi nina sugu. Havikunishika kwa nguvu. Kila nilipotaka kuharakisha gurudumu vilinirudisha nyuma, kama unavyomzuia mtoto kwenye ukingo wa barabara. Tukaenda hivyo, polepole, chuma kikitoa ganda moja refu la bluu lisilokatika. Sikujua kama chuma kina sauti nyingi kiasi kile. Kuna ile ya juu kinapofurahi, kuna ile ya kukwaruza kinapoonewa. Nilisahau kupumua.

Nikapima. Ishirini na tano kamili.

Ndipo nikamwambia hapana, hapana, hatukuelewana! Sikuomba kufundishwa, mimi nina umri wa kuwa babu! Nilisema akereze *yeye*! Nikatoa mikono yangu kwenye gurudumu nikaikunja, nikasubiri.

Gurudumu halikusogea. Nikasikia ule mguno.

Ukaidi. Lakini mimi ni mtu wa hesabu na sitegemei mkono mmoja. Ile shafti ya Jumatano bado ninayo, Mwalimu Ke aliniachia. Kesho itakuwa ndani ya soksi yangu. Nikizidiwa, nitabadilisha.

Alhamisi, 22 Agosti

Mtihani.

Wasimamizi watatu kutoka nje, fulana za kola, nyuso kama za mahakimu. Jambo la kwanza: kila mtahiniwa apewe chuma chake. Kila chuma kimepigwa muhuri kwenye uso wake, na uso huo ni marufuku kuugusa. Nikatazama muhuri. Nikahisi shafti kwenye soksi. Ile haina muhuri. Mimi, mtu wa hesabu! Nilihesabu kila kitu isipokuwa hicho.

Haidhuru. Ninayo Tatu B, kigoda kipo, maji ya moto yapo.

Jambo la pili: mashine kwa kura. Nikatia mkono kwenye boksi. Nikafungua karatasi.

Nane.

Bi Fang kapata Tatu B. Akainama mbele ya kigoda kwa adabu, akasema naomba msaada, kisha akafunga aproni. Hivyo tu. Mimi nilimpa chai, sigara, popoo na masharti, yeye kampa neno moja.

Nane iliwaka vizuri. Nikakata ngazi ya kwanza, ikakubali. Ngazi ya pili, katikati, mashine ikazima. Zilizobaki zote zinanguruma, yangu kimya kama jeneza. Msimamizi akaangalia umeme: upo. Fyuzi: nzima. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Kisha akainua macho hadi juu ya mashine, akajaribu kuishika ile pakiti. Haikutoka. Imegundishwa. Akauliza nani amegundisha pakiti. Akainama, akaisoma kwa ubavu.

Julai, akasema.

Pei-jung alikuwa mlangoni na wenzake wanaotazama. Nikamnyooshea kidole, nikasema mashine hii ni ya huyu.  Mwalimu Ke akatazama gundi. Kisha akatazama kidole changu nilichonyoosha, chenye gundi iliyokauka kwenye kucha. Akaenda kabatini, akaleta pakiti mpya ya kijani, akaiweka kwa mikono miwili. Mashine ikawaka kabla hajashusha mikono. Wasimamizi wote watatu wakainama kidogo, kama watu waliosahau kwamba hawaamini.

Dakika zilikuwa zimekwenda. Nikakata kama mwehu. Shafti ndani ya soksi ilizidi kuwa baridi, hadi mguu ukafa ganzi. Sasa kipenyo kikubwa. Kimebaki kidogo tu kufikia ishirini na tano.  Nikasema moyoni, nimekwisha.

Vidole vikaja.

Sikuwa kwenye mashine yake. Sikustahili, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma. Vikaja hata hivyo, vikavu, vya baridi, vikalala juu ya vyangu. Polepole. Ganda la bluu likatoka refu, likajikunja, likaendelea. Chuma kikaimba ile sauti ya juu. Nikaona cheti. Nikaona Po-hsiung akinywa chai yake peke yake kwenye kiti chenye mto. Raha ikanipanda kooni.

Nikapiga mluzi.

Mara moja tu! Kipande cha wimbo, cha mazoea!

Vidole vikaondoka. Viliondoka bila hasira, kama mtu anayetoa mkono wake kwenye bega lako akaenda zake. Gurudumu likateleza unywele mmoja.

Ishirini na nne nukta tisa nane. Sehemu mbili za mia chini ya ishirini na tano. Mtihani unaruhusu moja.

Ijumaa, 23 Agosti

Matokeo yamebandikwa. Bi Fang kafaulu. Kila mtu kafaulu isipokuwa mimi na jamaa mmoja aliyezimia.

Po-hsiung kaja asubuhi na futi ya kupimia. Anapima mlango wa chumba changu cha chini kuona kama mashine zitapita bila kuvunja fremu. Mke wangu anamshikia ncha ya futi. Nimemwomba Po-hsiung anisubiri hadi mtihani wa Novemba. Akasema mnunuzi hasubiri, ila yeye ni muungwana, atanipa hadi mwisho wa mwezi huu kuonyesha kwamba Novemba nitafaulu kwa hakika. Kwa hakika! Nani ana hakika duniani?

Nimekwenda shule kurudisha ufunguo. Mwalimu Ke alikuwa anapekua meza ya zamani ya Mwalimu Shih, ambayo ilikuwa haijafunguliwa tangu msiba. Fundi wa kufuli ndiye aliyekuwa ameipasua asubuhi ile. Akaniita kwa mkono. Droo ya juu, ndani ya kitambaa chenye mafuta, kimefungwa kwa waya mfundo wa mafundi: mikromita yangu.

Pei-jung alikuwapo. Akasema kwa upole, "Kozi imekwisha, Mjomba." Akaniambia pia kwamba akirudi kutoka mashindanoni atakuwa hapa kila mchana, na nikitaka atanionyesha namna ya kusikiliza, bila malipo. Nikamwambia sihitaji darasa la watoto.

Nimeipangusa mikromita. Imefungwa kwa kufuli lake dogo, taya zake zimesimama mahali pamoja. Nikasoma, nikasoma tena, nikaenda nayo dirishani.

Ishirini na nne nukta tisa nane.

Droo ilikuwa imefungwa tangu msiba. Mikromita imepotea kabla ya mtihani. Nimekaa kwenye ngazi za karakana hadi makalio yakauma.

Kisha nikafikiri. Mtu anayejua kipimo kabla hakijakatwa! Huyo ndiye hakika anayoitaka Po-hsiung. Nilikosea jambo moja tu: mazungumzo yalikuwa ya mdomo. Biashara ya mdomo haina nguvu. Kwa hiyo nimeandika, na kabla ya lango kufungwa nimeuacha ukurasa wenyewe juu ya Tatu B, ukikandamizwa na ile shafti isiyo na muhuri. Hapa nanakili:

Mwalimu Shih. Mwezi wako unaisha tarehe mbili Septemba, yangu subira inaisha kabla ya hapo. Novemba kuna mtihani. Utakereza wewe, wala si kwa kunishika mikono, au hutakereza? Mambo ya mluzi tuyaweke kando, kila mtu ana tabia yake. Nimekuletea pakiti mpya ya kijani kama dhamana. Dukani walikuwa wanaiuza nusu bei kwa sababu tarehe yake imepita juzi tu, lakini wewe ni mtu mzima unaelewa, pakiti ni pakiti. Sitaki mguno. Sitaki viatu. Nataka neno moja, ndiyo au hapana, na nalitaka Jumatatu, kabla ya kengele ya usingizi wa mchana.